Baba Asiyepiga Makofi

Karwirwa alipoongoza shule nzima katika mtihani wa kidato cha nne, majirani wa Mikinduri walikuja kwao wakiimba. Babake, mzee Kaburu, mkulima wa miraa, akamkabidhi mwiko.

"Wageni ni wako. Wapakulie."

"Baba, si leo ni siku yangu?"

"Ndiyo maana. Anza na wazee."

Alipakua huku amenuna. Aminah, mwanafunzi mwenzake kutoka Meru mjini, alimcheka hadi akashika mbavu.

Kaburu alikuwa hivyo. Binti akirudi na zawadi ya shule, aliitazama, akatabasamu, kisha akauliza kama amewasalimu majirani. "Akili ulipewa," alimwambia. "Usimdharau mtu kwa kitu ulichopewa bure."

Chuo kikuu, hesabu zikamlemea. Hakuzoea kuuliza, aliona kuuliza ni kwa wengine. Mwisho wa mwaka wa pili akaambiwa aurudie. Akaenda nyumbani, akajifungia chumbani. Jumapili akasema anaumwa na kichwa.

Kaburu aliingia, akaketi kitandani.

"Ulipokuwa wa kwanza sikukupigia makofi," alisema. "Sasa umeanguka, sitakulilia. Wewe ni yule yule. Vaa viatu twende kanisani."

"Watu wataniuliza."

"Waambie."

Kweli waliuliza. "Nilifeli, narudia mwaka," alijibu. Mama mmoja akamkumbatia. Wakirudi nyumbani, babake alimshika mkono, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu Karwirwa akiwa mtoto wa chekechea.

Chuo kilipofunguliwa alimwendea Aminah, ambaye alisoma naye huko pia.

"Nifundishe. Sielewi."

"Kumbe hata wewe unauliza!" Aminah akacheka, akamsogezea kiti.

Leo Karwirwa anafundisha hesabu Kiambere, karibu na bwawa la umeme, na mwaka huu amefanywa naibu mwalimu mkuu. Alimpasha babake habari kwa simu, akamsihi asimwambie mtu. Likizo ilipofika akashuka sokoni Mikinduri, na wauza ndizi, watu wa boda boda, hata mchungaji, wote wakamwita, "Naibu! Naibu!"

Alimkuta Kaburu langoni.

"Baba! Si ulinifundisha nisijivune?"

"Nilikufundisha wewe," mzee akasema, akimpokea mkoba. "Mimi sikuahidi kitu."