Kiguu na Njia na Kitanda Namba Tisa

Kazini walimwita Kiguu na Njia, na hakuwahi kukasirika, maana hata nyumbani kwake hakuwa na kiti. Chai alikunywa amesimama. Siku ya harusi ya mdogo wake alizunguka na sinia mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa hakuna aliyempa kazi hiyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa dobi wa hospitali, kule chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia chenye mashine tatu, mbili zikifanya kazi na ya tatu ikitunzwa kwa heshima.

Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Siku moja alimsikiliza mkewe akisali, akangoja amalize, akamwambia, "Mke wangu, wewe huongei na Mungu. Unamtuma."

Mkewe alicheka, lakini neno lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Sala zake zilikuwa maagizo matupu: pita kwa jirani umponye mtoto, kisha nenda kwa shemeji yangu umwachishe pombe, na tafadhali usichelewe.

Sasa fundi huyo alikuwa amelala wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, kitanda namba tisa. Aliteleza juu ya paa la shule, akaanguka, akaumia kichwa. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita hajafumbua macho wala kutamka neno. Madaktari walisema huenda akazinduka na huenda asizinduke, jambo ambalo Kiguu na Njia alilijua bila kulisomea.

Hofu yake ilikuwa na umbo moja tu: kwamba mumewe atazinduka, ataita, na yeye hatakuwepo. Alitaka kulisikia neno la kwanza kwa masikio yake mwenyewe. Basi kila alipoiwasha mashine alipanda ngazi mbio, akamgusa mumewe miguu, akageuza mto uliokuwa umekaa vizuri, akamuuliza nesi maswali yale yale, kisha akateremka mbio kabla mashine haijasimama. Njiani alikuwa akimtuma Mungu. Ingia wodini, umshike kichwa. Ukitoka hapo mkumbushe daktari zile picha za kichwa. Halafu rudi kwake, usimwache hata kidogo, mimi nina mashuka ya wodi ya wazazi.

Mama mkwe wake, aliyeshinda kando ya kitanda kwenye kiti pekee kilichokuwepo, alikuwa akiinuka kila mara kumpisha.

"Kaa kidogo, mwanangu," alimwambia.

"Nitakaa akizinduka, mama."

Kwake usingizi ulikuwa umegoma kabisa. Akifumba macho alikuwa akisikia mashine, na mashine ikinyamaza alikuwa akisikia moyo wake.

Sasa, pale hospitalini kuna utaratibu ambao madobi wanaujua kuliko madaktari. Mashuka ya kila siku huteremshwa yamechanganywa kwenye kikapu. Lakini kitanda kikibaki wazi, vitu vyake vyote huja pamoja, shuka, foronya, blanketi na kifuniko cha godoro, vimefungwa kamba, na kikaratasi chenye namba ya kitanda. Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani huacha mashuka makavu. Aliyefariki hufutwa mwili kwa maji safi pale pale kitandani, kwa hiyo mashuka yake huja yameloa, bila harufu ya dawa wala ya jasho. Dobi hahitaji kuambiwa. Anashika tu, anajua.

Siku ya kumi na mbili alifika kazini akiruka madimbwi, maana mvua kubwa ilikuwa imenyesha alfajiri. Alikuta furushi mlangoni, limefungwa kamba. Uzi wa kijani pembeni mwa shuka, yaani wodi ya wanaume. Akashika. Limeloa. Akanusa. Maji matupu. Akasoma kikaratasi, akakisoma tena, na kila alipokisoma, tisa ilikuwa tisa.

Hakupiga kelele. Hakupanda ngazi. Mwanamke aliyezipanda mara ishirini kwa siku alizitazama, akaona hazina tena haja naye. Alifungua kamba, akachukua karai, akaweka sabuni. Mashine isingemfulia mumewe. Akapiga magoti mbele ya karai, kwa sababu karai lilikuwa chini, akaanza kufua kwa mkono.

Alifungua mdomo amtume Mungu, akakuta hakuna pa kumtuma. Aende kwa daktari kufanya nini? Akashike kichwa kipi? Maagizo yote ya siku kumi na moja yalikuwa yamekwisha, na alibaki yeye na povu. Akanyamaza. Na katika kunyamaza kule akagundua kwamba hayuko peke yake. Hakusikia sauti wala hakuona mwanga. Baadaye mama mkwe alipombana aeleze, alisema tu kwamba ilikuwa kana kwamba Mtu amekaa karibu naye, hana haraka, hana hoja ya kumpa, wala haondoki. Uchungu haukupungua hata chembe. Alilia mpaka kamasi zikaingia kwenye sabuni. Lakini zile mbio zilizokuwa kifuani mwake tangu siku ya ajali zilisimama.

"Basi kaa na mimi," alisema. Hakuwahi kusali sala fupi kuliko hiyo.

Mpiga pasi wao, jitu zima la magoti mabovu waliloliita Mvuke, alikuwa akimtazama tangu mwanzo. Alimuuliza kwa nini anafua kwa mkono na mashine imelala. Kiguu na Njia akamwonyesha kikaratasi. Mvuke alizima pasi, akapanda ngazi akijikokota, akarudi akitweta.

"Amehama kitanda tu," alisema. "Paa la wodi limevuja, namba tisa imelowa chapachapa, wakamsogeza mumeo dirishani. Anapumua kama jana. Fundi wa kuezeka kavujiwa na paa la watu. Akizinduka leo, atatukana."

Kiguu na Njia alibaki ameshika shuka. Alijiona mjinga, dobi wa miaka kumi na tisa kusahau mvua iliyomlowesha viatu. Kisha furaha ikamjia kwa kishindo. Lakini jambo moja lilimshangaza: yule aliyekuja kukaa naye penye karai hakuwa ameondoka habari njema zilipoingia.

Mvuke alilikausha shuka kwa pasi, akampa likiwa na joto. Kiguu na Njia akapanda ngazi, moja moja, safari hii bila kuagiza kitu. Mumewe alikuwa dirishani, macho yamefumba vile vile. Akamfunika kwa shuka lile. Mto hakuugusa. Mama mkwe aliinuka kumpisha kama kawaida, na kwa mara ya kwanza akaona mkwewe anakaa kitini, mgongo ameuegemeza kabisa.

"Nipo," alisema Kiguu na Njia, na hata yeye hajui alimwambia nani, mumewe au yule wa penye karai. Usingizi ukamchukua pale pale.

Neno la kwanza lilitoka saa saba mchana. Yeye hakulisikia, na hajalijutia. Mama mkwe ndiye anayelisimulia mpaka leo, kwa anayetaka na asiyetaka. Anasema mwanawe alifumbua macho, akatazama dari, akatazama dirisha, halafu akamwona mkewe kitini, kichwa ukutani, mdomo wazi, anakoroma. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa sauti iliyokauka ya mtu aliyenyamaza siku kumi na mbili, akauliza, "Nani kamkalisha huyu?"