Nilimficha Jirani Yangu Jinsi ya Kugeuka

Mwenye makosa ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkanionea huruma huko mbele. Nimechoka kulibeba jambo hili, jamani!

Naishi mtaa wa Ziwani, na kazi yangu ni kibarua cha kufunga biskuti kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area. Miaka michache iliyopita alikuja mgeni kwenye ukumbi wetu wa mtaa akatufundisha poi, ile mipira miwili iliyofungwa kwenye kamba unayozungusha, mmoja kila mkono. Wengi walicheka wakaenda zao. Mimi nilibaki. Alipoondoka, nikawa peke yangu mtaani ninayejua. Nilizoea kusifiwa hadi nikaona ni haki yangu.

Kisha Mama Vero, jirani ambaye tunafunga biskuti meza moja, akaniomba nimfundishe. Tukajaza ndengu kwenye soksi kuukuu ziwe mipira yake, tukawa tunaenda uwanjani kila Jumapili baada ya kanisa.

Yule mama alikuwa na mikono! Niliyojifunza mimi mwezi mzima, yeye aliyashika kwa wiki. Watu wakaanza kusimama kumtazama yeye. Wivu ukanipanda.

Basi tulipofika kugeuka, yaani kuzungusha mwili mzima huku mipira inaendelea kuzunguka, nikamficha. Siri yake ni moja: unangoja mipira yote miwili iwe upande mmoja, halafu unageukia upande huo huo, unaifuata. Ni maneno ya dakika moja! Mimi nilimwambia, "Geuka tu, fanya haraka."

Aligeuka, mipira ikamgonga sikioni. Akageuka tena, ikamgonga mdomoni. Jumapili baada ya Jumapili.

"Nakosea wapi, dadangu?"

"Ni mazoezi tu, Mama Vero."

Nilimwona akijishika shavu na, nikisema kweli, nilifurahi. Mungu anisamehe!

Siku ya sherehe ya akina mama pale ukumbini, alijaribu kugeuka mbele ya watu. Kamba zikamzonga shingoni. Ukumbi mzima ukacheka, hata binti yake, Vero. Mama Vero akanipa zile soksi.

"Patia watoto. Mimi kichwa yangu ni ngumu."

Hakurudi uwanjani.

Baadaye Vero alipokuja kutaka kujifunza, nilimfundisha yote, nikidhani hilo lingenituliza roho. Akaweza kugeuka siku hiyo hiyo, akakimbia nyumbani kumwonyesha mamake.

Haukupita muda, Mama Vero akasimama mlangoni kwangu. Hakupiga kelele.

"Kumbe ni kungoja? Na ulikuwa unajua?"

Nikalia, nikaomba msamaha, nikamwambia twende uwanjani sasa hivi nimwonyeshe.

"Nimekusamehe. Lakini hii mikono yangu haiwezi, wacha tu."

"Inaweza! Ni mimi nilikudanganya!"

"Zi, hapana, dadangu. Haiwezi."

Kazini bado tunakaa meza moja, tunasalimiana vizuri. Nimemwambia mara ngapi kwamba kosa lilikuwa langu! Anaitikia kwa kichwa, lakini namwona anadhani namfariji tu.

Wewe unayemfundisha mwenzako kusuka, kushona, kupika, chochote kile, na unambania kidogo ili asikupite, nakusihi: mwambie leo! Roho mbaya haijengi. Usijidanganye kwamba utakuja kuomba msamaha yaishe. Mimi nilisamehewa siku ile ile, na mpaka leo Mama Vero anaamini hawezi.