Mtaalamu wa Muda

Nilipofika Lubumbashi nilikuwa na mkoba wa vifaa na karatasi iliyosema mimi ni mtaalamu wa kigeni wa muda. Kampuni iliyoniajiri kule kwetu Morogoro ilikuwa imeiuzia hospitali moja ya mjini mashine za kutunzia watoto njiti, na makubaliano ya biashara kati ya nchi zetu yaliniruhusu kuja kuzifunga na kuzitunza kwa mwaka mmoja. Kulikuwa na sharti: nimfundishe Mkongomani mmoja kazi yangu. Mtu huyo walimwita omologi.

Omologi wangu alikuwa mama aliyenizidi miaka kama kumi, fundi umeme wa hospitali, mzaliwa wa Lubumbashi kwa wazazi waliotoka Kasai. Siku ya kwanza nilimwambia, “Dada, tuanze na hii mashine ya watoto njiti.”

“Njiti njo nini? Ya kuwashia moto?”

Nikamweleza kuwa kwetu ndivyo tunavyowaita watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Akacheka. “Eh, bantu ya Kiswahili bora! Huku ile mashine tunaita kuveze. Na miye uniite yaya, ni mukubwa yako; dada ni wa kanisa.”

Nilidhani tumeshakuwa marafiki. Lakini wiki tatu zilipita akiwa ananitazama tu, kalamu mfukoni, bila kuandika neno. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuzunguka.

“Mbele yako kulikuyaka bageni babili, ba mashine za zamani. Wa kwanza alifungaka mulango wakati ya kuingiza namba. Wa pili alisema namba iko siri ya kiwanda. Kuveze ikiharibika, tunangoja muntu atoke inchi ingine. Na weye je?”

Nikarudi kwenye mashine. Bila zile namba nane za kufungulia mipangilio ya mashine, hakuna aliyeweza kurekebisha kipimo cha joto, na mkuu wangu alikuwa ameniambia kwa simu, “Usimpe mtu. Ukibaki peke yako unayezijua, karatasi yako itaongezwa kila mwaka.” Nami nilitaka iongezwe. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Makomeno kwa mjane mmoja aliyeniita binti yake, Jumapili mchana natembea hadi ziwani Karavia, na moyo ulikuwa umetulia kuliko nilivyotarajia.

Kisha ikaja asubuhi moja umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya muhuri wa karatasi yangu, upande wa pili wa mji. Yaya akanipigia.

“Kuveze ya pili inalia. Inaonyesha mutoto iko na baridi, lakini mi nagusa, iko moto sana!”

“Mtoe mtoto, mpe mama yake kifuani.”

“Nesi amekwisha kumutosha. Lakini bale bengine babili iko kwa mashine za ile laini moja ya umeme. Nifanye nini?”

Hata teksi ya mbio isingenifikisha upesi. Nikatoka kwenye foleni, nikaegemea ukuta, nikamtajia namba ya kwanza. Akairudia. Nikamtajia ya pili. Tulipofika ya nane nikamwongoza kitufe kwa kitufe, huku nikisikia kengele ya mashine nyuma ya sauti yake. Ilinyamaza. Akapima upya kwa kipimajoto cha mkono, akanisomea tarakimu, zikalingana. Kisha akahamia kwenye hizo mbili nyingine bila kuniuliza chochote. Jioni ile nilimpa daftari langu lote la namba na vipimo, na kalamu yake ikatoka mfukoni.

Mwaka ulipokaribia kwisha nilijaza fomu ya kuongeza muda. Iliuliza kama yupo raia wa nchi anayeiweza kazi hii. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Mwishowe nikaandika: yupo.

Ofisa wa vibali, mzee mwenye miwani, aliisoma mara mbili.

“Mama, bote banaandikaka hapana. Weye umeandika eko. Sasa tukuongezee ju ya nini?”

“Sijui, baba. Lakini ndivyo ilivyo.”

Akavua miwani, akaifuta taratibu. “Kama fundi, haiwezekane. Lakini kama mwalimu, dosie, ile faili, iko ingine. Hospitali yenu inaweza kuomba?”

Iliomba. Barua aliiandika yaya mwenyewe, akampelekea mkurugenzi aitie sahihi: hospitali nyingine za mkoa zilikuwa zimepata mashine za aina ile, na hazikuwa na fundi. Nikapewa miezi tisa ya kufundisha. Mkuu wangu alikasirika kwa wiki moja, kisha akagundua kuwa mashine zenye mafundi karibu zinanunuliwa zaidi.

Darasa letu lilikuwa na mafundi watano. Somo la umeme alilitoa yaya, na mimi nilikaa nyuma nikijifunza jinsi ya kueleza jambo gumu kwa maneno machache. Mwezi wa nne wa darasa, hospitali moja ya Zambia yenye mashine kama zetu ikamtafuta kwa kazi ya miezi mitatu. Alikuwa hajawahi kuvuka mpaka kwa kazi.

“Batanikubali kule?” aliniuliza tukila bukari, ugali wa huko, na samaki nyumbani kwake.

“Watakukubali, yaya. Na wao watakupa omologi.”

Akacheka mpaka akaweka tonge chini. Jumatatu nilimsindikiza kwenye basi la Kasumbalesa, mpakani. Alikuwa amevaa viatu vipya, na lile daftari nililompa amelishika mkononi.