Nilivyowapangia Watu wa Mlimani Safari za Meli

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Tiketi alinikalisha mbele ya meza yake, akanipa kitabu cha picha za meli, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona bahari. Nikamwambia sijawahi. Nilikuwa binti wa Njoro, pale Moshi, na maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni ya Mto Rau wakati wa masika. Hakunicheka. Alisema wateja wetu wengi watakuwa kama mimi, kwa hiyo nijifunze kuwaeleza jambo nisilolijua bila kuwadanganya. Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, si mbali na mnara wa saa. Kazi kubwa ya ofisi ilikuwa kuwapandisha wageni Kilimanjaro, kama ofisi nyingine zote za Moshi. Meza moja tu, ile ya pembeni niliyopewa mimi, ilifanya kinyume: iliwashusha watu wa mlimani ikawapeleka baharini kwa meli za kitalii. Wenzangu walinitania kwamba nimewekwa hapo nilinde kiti. Lakini wateja walikuja. Walikuja wazee waliosomesha watoto kwa kahawa, watoto wakafanikiwa, na sasa walitaka kuwapa wazazi wao zawadi ambayo jirani hajawahi kuipata.

Nawaambia ninyi vijana mnaopanga safari kwa simu zenu: jambo la kwanza ni chumba, na hapo ndipo watu wetu walipokosea karibu wote. Mtu wa mlimani anajua tangu utotoni kwamba juu ndiko kwenye heshima. Juu kuna ubaridi, kuna migomba, kuna makaburi ya babu zake. Chini ni tambarare, joto na mbu. Basi kila aliyeketi mbele yangu aliomba chumba cha juu kabisa. Nilieleza mpaka nikachoka kwamba melini mambo yamegeuka. Meli inapoyumba, sitaha za juu ndizo zinazoyumba zaidi, na mbele na nyuma hupanda na kushuka. Ukitaka kutulia, chukua chumba cha chini, katikati ya meli. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu wa Marangu alikataa katakata. Kulala chini ya watu asiowajua aliona ni kudharauliwa. Aliporudi nilimwuliza bahari ilikuwaje. Akasema aliisikia tu, kwa kuwa safari nzima alikuwa amekumbatia ndoo.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Arusha, chini ya Meneja wa Tawi, mama mmoja mkali ambaye hakuvumilia haraka wala uzembe. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya hati. Meli ikipita nchi tatu, ni sharti ujue viza za nchi zote tatu, na ujue kwamba ukitoka nchi moja ukairudia, viza ya kuingia mara moja haikufai tena. Pasipoti iwe na uhai wa kutosha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi na si ndani ya begi kubwa. Tena msafiri afike kwenye bandari ya kuanzia siku moja kabla, hata kama nauli ya siku inayofuata ni rahisi. Niliwahi kubishana naye kuhusu hilo, kwa kuwa mteja alinisihi. Akaniambia, "Ndege ikikuacha, utapanda nyingine. Meli ikikuacha, utaipungia mkono." Sikubishana naye tena.

Kutoka Arusha nikapelekwa Dar es Salaam. Huko nilikuwa chini ya Mkurugenzi wa Masoko, kijana kuliko mimi, mwenye maneno matamu. Kwake nilijifunza kusoma tangazo la safari kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani: usitazame manyoya, tazama meno. Tangazo linasema chakula kimo, lakini vinywaji je? Matembezi ya nchi kavu meli inapotia nanga, yamo au unayalipia mwenyewe? Bakshishi za wahudumu? Nilimwona mkurugenzi yule akikasirika nilipowauliza wateja maswali hayo mbele yake, ila hakunizuia, kwa sababu wateja waliorudi wakinung'unika walimpa kazi zaidi.

Huko Dar ndiko nilikoiona bahari kwa mara ya kwanza. Nilitumwa bandarini kupeleka nyaraka, nikapitia ufukweni, nikasimama. Nilikuwa nimeshaiuza bahari miaka mingi. Nilijua majina ya sitaha, nilijua upepo wa kusi unachafua maji miezi ipi. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba haina upande wa pili. Kwetu ukitazama popote, jicho linagonga kitu: mlima, kilima, mgomba. Pale jicho lilikwenda likakosa pa kushika. Niliogopa, nikafurahi, na nyaraka nikazichelewesha.

Hata hivyo sikupanda meli. Nilirudishwa Moshi nikiwa Mkuu wa Safari za Meli, cheo kirefu kwa meza ile ile ya pembeni, na nilitarajia kustaafu bila kukanyaga sitaha. Ndipo akaja Felista.

Felista alikuwa muuguzi, mtu wa Kibosho anayefanya kazi mjini. Alitaka kumpeleka baharini mama yake, Mama Aloisia, mjane aliyekwisha kuzeeka sana. Nikamwuliza kama kawaida, mama anapenda nini, watu wengi au utulivu, bwawa la kuogelea au muziki. Felista akasema mama yake hapendi chochote kati ya hivyo. Marehemu mumewe alikuwa mzee wa mfongo, yaani msimamizi wa ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni na kuyapitisha kwenye mashamba ya ukoo mmoja hata mwingine. Maisha yake yote aliyaamkia maji yale, akayachunga, na kila mkewe alipomwuliza mwisho yanakwenda wapi, alijibu yanakwenda baharini. Hakuwahi kuiona bahari, akafa. Sasa mama alitaka kuona yanakokwenda kabla naye hajafa.

Nimepokea maombi mengi katika kazi yangu, lakini hilo lilinifanya niweke kalamu chini. Nilitafuta ratiba moja baada ya nyingine. Nikapata meli ya kitalii iliyoanzia Mombasa, ikishuka kwenda Zanzibar na kwingineko, kisha kurudi. Njiani ingepita mbele ya Pangani, na Mto Pangani ndio unaoyapokea maji ya upande wetu wa mlima na kuyamwaga baharini. Meli yenyewe haikuwa ya fahari kuliko zote. Ila watu huchagua meli kwa ukubwa wa bwawa, wakasahau kuuliza inapita wapi. Mwezi nilichagua Februari, bahari ikiwa tulivu.

Kilichobaki ni ruhusa ya Mzee Kalisti, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa amebaki mkubwa wa ukoo. Mama Aloisia asingeondoka bila neno lake. Nikaitwa Kibosho kwenye kikao. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, watu walikuwepo, na mama mwenyewe alikaa karibu na mlango. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza nikieleza habari za chumba, daktari wa melini na vidonge vya kichefuchefu mpaka nikamaliza.

"Binti, mimi sigombani na meli," akasema. "Nataka kujua jambo moja. Akifia huko, mnamtupa majini?"

Kwetu mtu huzikwa kihambani, katika shamba la migomba la ukoo, karibu na waliomtangulia. Mtu asiyelala hapo anahesabiwa kama hajarudi nyumbani. Nilimtazama Mama Aloisia nikaona kwamba swali lile lilikuwa lake pia. Alikuwa akilibeba muda mrefu na hakuwa na wa kumwuliza.

Nilikuwa na majibu. Meli kubwa zina chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti, na bima ya safari, ukiichagua vizuri, hulipia kuusafirisha mwili mpaka nyumbani. Nawasisitizia: kipengele hicho kisomeni kabla ya vingine vyote mnapompeleka mzazi, japo kinatia huzuni. Nikatoa karatasi za bima nianze kusoma. Mzee akainua mkono.

"Usinisomee. Wewe utamrudisha?"

Nikajisikia nikisema, "Nitamrudisha, baba. Awe hai au vinginevyo."

"Basi uende naye wewe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Felista, aliyekuwa amepanga kumsindikiza mama yake, alinipisha bila kinyongo, mradi mzee amekubali. Meneja wa ofisi yetu ya Moshi akanipa ruhusa huku akicheka.

Tulivuka mpaka wa Holili tukafika Mombasa siku moja kabla, kama nilivyofundishwa. Asubuhi, tulipofika gatini, Mama Aloisia alisimama chini ya ile meli akainua shingo, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii imejengwa," akaniuliza, "au imeota?"

Picha zake nilikuwa nazo ukutani ofisini miaka yote, lakini picha haikuambii kwamba utajihisi kama siafu. Tulipanda. Chumba chetu kilikuwa cha chini, katikati, chenye dirisha. Usiku ule hakupata usingizi. Kila meli ilipoyumba alinishika mkono, na najua alikuwa akiwaza kihamba chake, kwa maana na mimi nilikuwa nikikiwaza. Niliomba Mungu anisaidie nitimize neno langu, tena nitimize lile jepesi, la kumrudisha akiwa hai.

Kulipopambazuka nilimvika sweta tukatoka nje. Nilikuwa nimemwomba afisa mmoja wa meli atuonyeshe mahali. Akanyoosha mkono kuelekea mstari mwembamba wa nchi kavu, akasema Pangani iko pale, na mdomo wa mto uko pale pale. Kisha akatuacha. Jua lilikuwa likitokea nyuma yetu upande wa bahari kuu, na maji yalikuwa yamejaa nuru mpaka pasipoonekana mwisho. Nimesali katika makanisa makubwa, nimeuona mlima wetu ukijifunua asubuhi baada ya mvua, lakini sijawahi kujisikia mdogo namna ile na nisihuzunike.

"Maji yetu yamo humu?" akauliza.

"Yamo, Mama."

"Yale ya Baba Felista?"

"Yote."

Alikuwa ameshika ukingo wa sitaha kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo kidogo kama ya mtu anayetua mzigo.

"Mwanangu," akasema, "ile ahadi uliyompa shemeji yangu, mimi nimekufungua. Nikifia hapa, niache hapa. Haya si maji ya watu, ni yetu."

Nikamwambia nitamrudisha hivyo hivyo, maana nimeapa mbele ya ukoo. Akacheka, kicheko cha msichana. Akaniambia nimrudishe basi, ila nisimharakishe. Usiku uliofuata alilala mpaka asubuhi nikamwamsha ale.

Nilistaafu muda mfupi baada ya hapo. Siku hizi nakaa Rau, na vijana hunijia na simu zao wakiniuliza meli ipi ni nzuri. Nawaeleza mambo ya chumba, viza na bima, kwa kuwa hayo yanafundishika. Lakini kabla ya hayo yote, nawaambia, mwulize anayesafiri anataka kuona nini, kisha mwulize anaogopa nini, na usimwuzie chochote mpaka akujibu yote mawili. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka yote ya kazi kulijua hilo.

Siku tuliyorudi kutoka safari ile tulimkuta Mzee Kalisti amesimama njia panda, amevaa koti na kofia, amechoka kusubiri. Alimshika Mama Aloisia mikono yote miwili akaitazama, kisha akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa. Neno langu lilikuwa limetimia, na sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshafunguliwa. Tukatembea watatu kuelekea nyumbani, mfongo ukipita pembeni yetu na maji kidogo ya kiangazi.

"Kweli yanafika?" mzee akauliza.

"Yanafika."

"Ni mengi?"

Mama Aloisia akatafuta kitu cha kumpimia, akakosa, akakunjua mikono tu. Mzee akatembea hatua kadhaa akifikiri. Maji ya mfongo kwetu hugawanywa kwa zamu, shamba hili leo na lile kesho, na yeye alikuwa ametumia uzee wake kusuluhisha ndugu waliofungiana maji hata wakaacha kusalimiana.

"Sasa huko," akasema, "zamu anazigawa nani?"

"Hakuna zamu, shemeji. Kila mtu anapata, na hayapungui."

Mzee Kalisti akasimama. Akavua kofia, akakaa chini pale pale ukingoni mwa mfongo, akamwomba amweleze tena tangu mwanzo.