Bibi wa Simu

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo ni wa milango ya lile gari ikijifunga. Ka! Milango minne kwa mkupuo mmoja, mama watoto kabonyeza kitufe pale mbele, na bibi yangu kabaki nje na kofia ya mtoto mkononi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe. Nilikuwa nalea watoto wa familia moja ya Wazungu pale Tabora mjini, mvulana wa miaka minne na mdogo wake wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba yao alikuwa kwenye mradi wa visima. Jumamosi ilikuwa siku ya matembezi: tunapakia maji, ndizi, mkeka, nepi, dawa ya mbu, haooo! Mara bwawa la Igombe, mara Kwihara kwenye ile nyumba ya kale ya udongo, mara popote ambapo ramani ya baba inasema misafara ya zamani ilipita. Yule baba aliipenda ile njia utadhani babu yake ndiye aliyeikanyaga. Mimi ambaye mababu zangu waliikanyaga kweli, na mizigo kichwani, nilikuwa kiti cha nyuma nafuta makamasi na kuota ndoto.

Maana kwa ndoto sikuwa na mpinzani. Mama watoto alikuwa ameniambia kwamba wakihamishiwa Dar huenda wakaondoka na mimi. Huenda tu. Lakini mimi na darasa langu la saba nilishafika zamani, nimeshapanda ndege, nimeshafungua shule ya chekechea yenye bembea nyekundu.

Sasa, dada wa kazi wa nyumba ya jirani alinionya nilipoanza. "Shoga, usithubutu kusema kwenu ni karibu. Wakijua una ndugu hapa hapa, kila siku watahisi unawaletea waombaji. Sema mbali." Nikasema kwetu Ulyankulu. Kumbe bibi aliyenilea yuko Ntalikwa, hapo tu nje ya mji, analima viazi.

Bibi hakuujua uongo huo. Yeye alichojua ni kwamba kapata wajukuu wapya. Jioni nikiwaogesha watoto, mama yao yuko kwenye kompyuta yake, bibi alikuwa anapiga simu. Naweka sauti kubwa. "Hujambo, mume wangu?" anamwambia yule mvulana, kama bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kiume. Mtoto anacheka mpaka anateleza kwenye beseni. "Mimi siyo mume wako, bibi wa simu!" Kiswahili chake chote alikitoa kwangu.

Ijumaa moja mdomo ukaniponyoka, nikamwambia bibi kesho tunapita njia ya kwao.

"Nitawasubiri barabarani."

"Usije, bibi. Hawasimami hawa."

"Wasisimame kwani nimewaita kula?"

Basi wakasimama. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, baba akazima gari kabisa, na nikamwona bibi anakuja kando ya barabara kavaa kitenge chake kizuri, kile cha harusini, na kifurushi kwapani. Kioo cha upande wa mvulana kilikuwa wazi. Akaingiza mkono, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe juu ya kilemba.

"Nimekukamata! Wenzako walitembea kwa miguu mpaka pwani, wewe mume gani unabebwa kwenye gari? Shuka tukalime! Hushuki? Haya, komboa kofia yako!"

Kwetu bibi akimnyang'anya mjukuu kitu, mjukuu anakikomboa. Kwa chochote. Kwa jani, kwa kijiwe, kwa ganda la ndizi. Halafu ndipo anapewa zawadi yake. Ganda la ndizi nilikuwa nalo mkononi. Ningempa tu mtoto amkabidhi, tungecheka wote.

Mama watoto yeye aliona mkono wa mtu asiyemjua kichwani kwa mwanawe. Ka!

"Dada, nani huyu? Unamjua?"

"Simjui."

"Anasema nini? Anataka pesa?"

"Sijui, mama. Nadhani akili zake siyo nzuri."

Kioo kilikuwa bado wazi. Nilisema kwa Kiswahili chepesi, maana ndicho tulichozoea kuongea na mama watoto, na bibi alikuwa amesimama kama hatua moja kutoka kwangu. Akaacha kucheka. Akaivua ile kofia, akaipangusa kwa kiganja, akanyoosha mkono aturudishie, lakini ng'ombe walishapita na gari likaondoka.

Mtoto akaniegemea. "Dada, ni bibi wa simu."

"Siye. Nyamaza."

Akanyamaza. Kilichonichoma ni kwamba aliniamini.

Huko tulikotandika mkeka sikumbuki hata palivyofanana. Tuliporudi alasiri, kofia ilikuwa imetundikwa kwenye kijiti kando ya barabara pale pale, na chini yake kile kifurushi. Ndani kulikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa. Baba akacheka kwa furaha. "Watu wa huku ni wema sana," akasema. Watoto wakala. Mama watoto naye akaonja, akaniuliza ni kitu gani kitamu hivi. Nikamjibu, "Viazi." Basi. Nafasi nyingine hiyo, nikaiacha ipite. Baadaye familia ile ilihama bila mimi, na wala hawakuwahi kujua.

Kesho yake baada ya matembezi yale, Jumapili, ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikaenda Ntalikwa. Bibi alikuwa uani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgeni. Karibu."

Akaingia ndani akanitolea kiti. Kiti! Siku zote kabla sijatua mkoba nimeshaitwa mvivu, nimeshaulizwa wanaume wa mjini wamenikataa au vipi, nimeshatumwa maji. Nikakaa kwenye kile kiti kama nimekalia miba.

"Mume wako anakusalimia," nikajaribu.

"Ahsante. Habari za mjini?"

"Nzuri."

"Za waajiri wako?"

"Nzuri, bibi."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie hata mwiko. Yeye akasimama taratibu, akajifunga khanga, akasema anakwenda kwa jirani kuazima sukari, mgeni apate chai.

Nikabaki peke yangu pale uani. Nikainuka, nikakirudisha kiti ndani nilikokiona kimetoka, nikavua viatu vyangu vya mjini, nikachukua ndoo na kata, nikashika njia ya kisimani.