Picha Zilizokaa Nje ya Ukumbi

Kazi inayonilisha ni duka la dawa muhimu hapa Bariadi, na cheti changu kiko ukutani nyuma ya kaunta, mahali ambapo kila mteja anakiona. Nakiheshimu. Mtu akifungua duka la dawa bila cheti, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Kwa hiyo siku mratibu wa maonyesho ya picha aliponiuliza nimesomea wapi upigaji picha, nilimwelewa vizuri sana, na bado nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, msimu wa pamba ukiwa umekwisha. Nilipeleka picha zangu asubuhi na mapema, ndani ya bahasha kubwa, nikiwa nimeenda kuzisafisha Mwanza. Mratibu alikuwa dada mpole wa rika langu. Alizitazama moja moja bila haraka, akasema ni nzuri. Kisha akaniambia kamati imekubaliana kuta za ndani ziwe za waliosomea. Safari iliyopita kila mwenye simu alileta zake, na ukumbi ukajaa keki za bethidei.

"Na sisi tusiosomea tukae wapi, dada?" nikauliza.

"Pale nje, chini ya miarobaini, pana nafasi. Saa nane nitatoka na kamati tuzitazame. Tukiona zinafaa, zinaingia."

Maneno yalinijaa mdomoni. Dawa ikikosewa mtu anaweza kufa. Picha ikikosewa mtu anatoka amefumba macho, basi. Nani amewahi kuzikwa kwa sababu ya picha? Lakini niliyameza. Kila Jumapili, kwa miaka, nimekuwa nikitoka na kamera yangu ya mtumba kwenda Ngulyati, nyumbani kwa mama, na ndugu zangu wanauita huo mchezo wangu. Nilitaka, hata mara moja tu, picha zangu zikae kwenye ukuta wa ukumbi kama kazi za watu wengine. Nililitaka hilo kuliko kushinda ubishi.

Nikafunga kamba kutoka mwarobaini hadi mwarobaini, nikazibana picha kwa vibanio vya nguo. Picha moja ilikuwa ya wanawake wamekaa kwenye turubai wakichambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Nyingine ilikuwa ya mzee anamwogesha dume lake la ng'ombe kwa makini ambayo nadhani hata wajukuu zake hawajawahi kuyapata. Katikati niliweka ile ninayoipenda kuliko zote: bibi mmoja, jirani wa mama, kuanzia kifuani kwenda juu, nyuzi za pamba zimenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa, anatazama kamera kama mtu anayemsubiri mdaiwa aanze kujieleza.

Wote waliomo kwenye picha nilikuwa nimewaalika. Asubuhi hiyo hiyo wakateremka kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, wamevaa nguo za kanisani, viatu vimepakwa mafuta. "Mwangaluka, mayu!" Tukasalimiana Kisukuma kwa furaha, mkono kwa mkono. Nikaenda dukani kuwanunulia soda.

Niliporudi, kamba ilikuwa na mapengo. Picha ya pamba haipo. Dume halipo. Watu walikuwa wamesimama kivulini, kila mmoja na picha yake kwapani, tayari kwa safari ya kurudi.

"Mnafanya nini?" nikapiga kelele, soda zikagongana kwenye mfuko.

Walinishangaa. Kwetu mpiga picha akishakupiga, siku anapoitoa ndiyo siku unayoichukua. Unaipeleka nyumbani, unaitia kwenye fremu, unaiweka sebuleni mgeni aione kabla hajakaribishwa maji. Kwamba sura ya mtu itundikwe hadharani, itazamwe na wasiomjua, halafu mwenyewe aondoke mikono mitupu, hilo halikumwingia mtu hata mmoja akilini. Na kosa lilikuwa langu, maana nimekulia huko huko.

Nikawaeleza habari ya kamati, na saa nane, na ukuta wa ndani. Wakanisikiliza kwa upole. Kisha bibi akasema, "Yaani niache sura yangu kwenye kamba, na upepo huu?"

"Hadi saa nane tu, bibi."

"Ikidondoka ikakanyagwa je?"

Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kuinua vumbi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaokota mbili. Nilihisi kulia, nasema kweli, na nikilia mimi huwa nafoka. Bibi akanitazama kidogo. Akairudisha picha yake kwenye kamba, akaongeza kibanio kimoja, akaagiza kiti. Akakaa chini yake, mkoba magotini. "Haya. Nitailinda." Wengine nao wakarudisha zao, wakakaa, wengine kwenye viti, wengine kwenye mizizi, kila mmoja chini ya sura yake.

Ndivyo kamati ilivyowakuta. Wanakamati walipita polepole, wakiangalia picha, kisha mwenye picha, kisha picha tena. Mratibu akasimama mbele ya bibi.

"Shikamoo bibi. Nani kakupiga hii?"

"Marahaba. Huyu hapa, binti yetu."

"Amesomea?"

Bibi akageuka, akaitazama picha kwa muda.

"Hajasomea," akasema. "Angesomea asingenikata miguu. Nilivaa viatu vipya siku hiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mratibu alicheka mpaka akashika kiti cha bibi, na wanakamati wakacheka, na mwishowe mimi pia. Alipotulia aliniambia, "Bibi ana haki. Lakini ndani humo sijaona picha ambayo mwenyewe kaja kuilinda." Akawageukia wenzake, wakanong'ona, wakaitikia kwa vichwa.

Tukaanza kuhamisha. Bibi alikataa picha yake ibebwe na mtu mwingine. Akaingia nayo mwenyewe, akatafuta ukuta usiopigwa na jua, akaonyesha kwa kidole. Ndani niliona kazi za wenye vyeti, na wivu wangu ukapata adabu. Kulikuwa na moja ya watu wamesimama juani saa sita, na bado nyuso zao zinaonekana vizuri, macho na yote. Mimi saa hiyo kila mtu anatoka kama kivuli. Nataka nijifunze lile. Nikipata nafasi nitasoma, na nitasoma kwa bidii.

Mratibu alikuja na vikadi vidogo vya kubandika chini ya picha, kalamu mkononi. Akaandika jina langu. Akasita.

"Hapa kwenye chuo nikuwekee nini? Naweza kuacha wazi, hakuna atakayeuliza."

"Andika sijasomea," nikamwambia.

Akaandika. Nikakichukua kile kikadi, nikakibandika kwa mkono wangu chini ya bibi asiye na miguu, kisha nikarudi nyuma hatua chache kuona kama kimekaa sawa.