Koki ya Sebuleni

"Siku nikifa kwa joto humu ndani, hilo pipa ndilo litakalonizika, maana ndilo peke yake linalotunzwa."

Aliyesema hivyo ni Mama Mapacha, kasimama mlangoni pa stoo na sufuria ya maziwa yaliyoharibika mkononi. Aliyeambiwa ni mumewe, fundi wa kushona viti vya magari, ambaye mtaa mzima tunamwita Injinia. Msidhani ni sifa. Jina hilo alilipata mwaka ule aliotengeneza kengele ya mlangoni ikawa inalia mvua ikinyesha, mgeni akiibonyeza inanyamaza. Siku hiyo alikuwa kapiga magoti, kichwa kimezama ndani ya friji, na alijibu kutokea humo humo kwamba maziwa hayakuanza leo kuharibika duniani.

Kisa chenyewe ni hiki. Baa moja aliyowahi kuishonea makochi ilifungwa, mwenye baa akamgawia koki ya kumiminia bia, mpira wake na mtungi wa gesi. Mtu mwenye akili zake angeuza. Injinia akaona sasa amekuwa mtu. Akaitoa friji ya mkewe jikoni, akaipeleka stoo, akang'oa rafu zote na kusimamisha pipa la bia ndani. Lakini koki hakutaka ikae stoo, nani ataiona huko? Akaiweka sebuleni ubavuni mwa televisheni, inang'aa kama jino la dhahabu. Basi mpira ukatoka kwenye friji, ukapenya ukuta, ukapita jikoni juu ya jiko, ukapenya ukuta wa pili, ukafika sebuleni hoi.

Ukifungua koki unapata povu. Glasi nzima povu, kama vile umeomba sabuni ya kunyolea ndevu. Bia ilikuwa inatoka kwenye pipa baridi vizuri tu, ikifika jikoni inapata joto, inavurugika njiani. Fundi friji alikuja akaangalia, akamwambia kwa upole asogeze koki karibu na friji, mambo yaishe. Injinia akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi kutuambia yule jamaa hana upeo.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa ya kishonaji: aliushonea mpira koti. Sponji ndani, ngozi nyekundu nje, mshono wa mara mbili, zipu toka mwanzo hadi mwisho. Koti lilipendeza kuliko suti yake ya harusi. Ila koti haliumbi baridi, linatunza kilichomo, na kilichomo kilikuwa joto. Bia ikalala humo kama mgonjwa wa homa aliyefunikwa blanketi.

Huku nyuma Mama Mapacha alikuwa ananunua nyama ya kupika siku hiyo hiyo, na maji baridi anakwenda kuyaomba kwa jirani, mtu mwenye friji yake. Ndiyo maana siku ya maziwa alitoa neno la mwisho. Kaka yake angekuja Jumapili. Bia ikitoka bia, pipa likae. Ikitoka povu, friji inarudi jikoni na pipa litajua pa kwenda. Injinia akakubali bila kubisha, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka.

Kumbe alikuwa na jambo lake. Alishadokezwa kwamba kwenye baa kubwa hupuliza hewa ya baridi kando ya mpira njia nzima. Akaupitisha mpira wake ndani ya bomba pana la plastiki, kuanzia kwenye friji hadi nyuma ya koki. Kwenye mdomo wa bomba, ndani ya friji, akafunga feni ndogo aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu. Wazo zuri, tumpe haki yake. Juu ya jiko palikuwa na kiungo ambacho hakikubana vizuri, akakifunika na koti. Tukamwambia jaribu kwanza. Akasema wanaojaribu ni wanafunzi, yeye anazindua.

Jumapili tukajaa sebuleni. Shemeji mtu, dereva wa malori, akapewa kiti cha mbele. Mama Mapacha yuko jikoni anakaanga vitunguu. Injinia kavaa shati la mikono mirefu, akatutolea hotuba juu ya maendeleo, halafu akafungua koki kwa vidole viwili.

Povu. Akamwaga, akafungua tena, povu. Akasema mfumo bado unajizoesha. Glasi ya tatu shemeji mtu akaipokea kwa heshima, akasubiri povu lishuke, akanywa tone lililobaki chini.

"Shemeji," akasema, "hii bia umeiunga?"

Tukatazama sakafu. Bia ilikuwa inanuka vitunguu. Shemeji mtu akainuka, akachungulia nyuma ya koki kwenye mwisho wa bomba, akasogeza kipande cha karatasi. Karatasi haikupeperuka. Iling'ang'ania pale kwenye tundu, imenyonywa.

"Feni yako haipulizi, inavuta. Umeifunga kinyumenyume. Joto lote la jiko la dada yangu linaenda kulala na pipa."

Tukaandamana hadi stoo. Friji ilipofunguliwa ilitoka harufu ya chakula cha mchana, na pipa lilikuwa vuguvugu, limelowa jasho. Kwenye feni palikuwa na mshale mdogo unaoonyesha upepo unakokwenda. Injinia alikuwa ameuona, akadhani ni urembo.

Mama Mapacha alikuja anajifuta mikono kwenye kanga. Hakupandisha sauti hata kidogo, na mimi ningekuwa mume ningeogopa.

"Baba Mapacha, friji yangu inarudi leo?"

Injinia akaitazama feni. Akatoa bisibisi mfukoni, akaigeuza geuza, akairudisha. Kisha akatupita katikati kama watu asiowajua, akavaa kandambili zake mlangoni, akaingia barabarani na shati lake la mikono mirefu, haangalii nyuma.